Bi Tulia na Dakika Nane za Kimya

Kanuni ya nne ya mradi ilibandikwa ukutani juu ya skrini, kwa herufi ambazo hata aliyesahau miwani nyumbani angezisoma: mpiga picha asimwambie mtoto neno lolote lisilokuwemo kwenye karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa na sentensi saba. Bi Tulia aliivunja kanuni hiyo kwa mwaka mmoja na miezi minane, tena kwa moyo mweupe. Watu wanaosikia habari yake siku hizi hucheka, na wana haki ya kucheka, lakini ni vizuri isimuliwe yote, pamoja na sehemu isiyochekesha.

Alikuwa mpiga picha, ila si wa harusi. Picha zake zilikuwa za ndani ya mwili. Alianza na mifupa: miaka kumi na minne ya mikono iliyovunjika na vifua vya wazee wanaokohoa. Baadaye akafundishwa ile mashine kubwa ya sumaku, ambayo mtu hulazwa kitandani akaingizwa kichwa mbele kama mkate tanuruni, nayo ikapiga kelele kama mafundi bati waliogombana. Jina la Bi Tulia alipewa na wenzake, kwa kuwa neno hilo ndilo lililomtoka kutwa: tulia mama, tulia baba, tulia mwanangu. Nyumbani kwake, penye watoto watatu na mume mwalimu wa udereva, neno hilo halikuwahi kumtuliza mtu.

Mradi ulikuwa wa wifi yake. Dada huyu mkubwa wa mumewe alikuwa daktari wa maradhi ya akili, mwanamke mrefu aliyekunywa chai bila sukari na kusema bila sukari. Alikuwa amechoka kuwapokea watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na mitano, baada ya wao kujiumiza wenyewe, na kuwauliza wazazi, "Hamkuona dalili?" na kujibiwa kila mara kwamba hawakuona. Alitaka kujua kama ubongo una ishara inayotangulia, ili mtoto asaidiwe mapema. Akapita kwenye kamati zote zinazotakiwa, akapata watoto sitini na wanne ambao wao wenyewe na wazazi wao walikubali kupigwa picha. Nusu hawakuwahi kujiumiza. Hao wakaitwa kundi la kwanza. Nusu waliwahi, na walikuwa wakiendelea kusaidiwa. Hao wakawa kundi la pili. Aliyejua nani yuko kundi gani ni mshauri wa watoto peke yake, aliyekaa chumba cha jirani na orodha yake ndani ya kabati lenye kufuli. Mpiga picha alipewa namba tu. Asijue, ili asimtendee huyu hivi na yule vile.

"Nimekuleta hapa kwa sababu kazi yako ni safi," Wifi alimwambia siku ya kwanza. "Si kwa sababu umeolewa na mdogo wangu. Hilo ni kosa lake, usije ukalifanya langu."

"Mimi nimekuja kwa sababu chumba chenu kina kiyoyozi, wifi yangu. Usijivune."

Upigaji wenyewe ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza zilipigwa picha za umbo la ubongo. Kisha zikaja dakika nane ambazo mtoto alilala akitazama alama ndogo ya jumlisha kwenye kioo, asifanye lolote, ili ubongo uonekane ukiwa umepumzika. Shida ilikuwa kwamba kichwa kikisogea hata kwa upana wa punje mbili za mchele, picha imeharibika. Na kuna nini kigumu kwa mtoto wa miaka kumi na minne kama kuambiwa asisogee? Katika wiki za majaribio, kabla hesabu haijaanza, picha tano kati ya tisa zilitupwa. Wifi akakosa hamu ya kula.

Hesabu ilipoanza, namba moja na namba mbili walikuwa vijana wawili ndugu, wachangamfu, waliolala kama magogo. Namba tatu akaingia binti aliyeomba radhi. Aliomba radhi kwa kuchelewa, ilhali alikuwa amewahi. Alikigonga kiti, akakiomba radhi kiti. Alilazwa, akavishwa vizuia kelele masikioni, na picha za umbo zilipokwisha ikasikika sauti yake ndogo kwenye kipaza sauti: "Samahani, mama. Nikiogopa, nitaiharibu?"

Karatasi haikuwa na sentensi ya kujibu hilo. Kilichotakiwa ni kusimamisha kazi na kumwita mshauri, aliyekuwa hatua kumi na mbili kutoka pale. Ndiyo kazi aliyowekewa pale. Bi Tulia alijua hivyo, tena alikuwa ametia saini kwamba anajua. Lakini mkono ulikwishafika kwenye kitufe.

"Mwanangu, nikuambie habari za punda wa mjomba wangu?"

Sauti ndogo ikajibu: "Niambie."

Mjomba, kwa maelezo ya Bi Tulia, alinunua punda ambaye hakukubali kwenda mpaka aombwe kwa heshima. Ukimchapa, analala. Ukimtukana, anageuza shingo na kukutazama kama mkaguzi wa shule. Lakini ukimwambia, "Mheshimiwa, tafadhali, twende hadi ile nguzo," anakwenda hadi kwenye nguzo, wala haongezi hatua. Siku moja mjomba akajisahau, akamwita mjinga hadharani. Punda akamwacha barabarani, akatembea peke yake hadi posta, akasimama katikati ya mlango. Waliomo ndani hawatoki, walio nje hawaingii. Meneja akaja akikunja mikono ya shati, akamsogelea punda sikioni...

"Akamwambia nini?" binti akauliza.

"Utajua baada ya dakika nane. Ukisogea, nasahau."

Binti hakusogea hata kwa upana wa unywele. Picha ikatoka safi kama maji ya mtungi, na alipotolewa akaambiwa alichosema meneja, akaondoka akicheka bila kumwomba radhi mtu.

Mwanzo wa mabaya mengi ni jambo lililofanikiwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo Bi Tulia akawa na kipimo chake. Mtoto aliyeomba radhi sana, aliyemtazama mama yake kabla ya kujibu, aliyeketi ukingoni mwa kiti, huyo alisimuliwa punda. Mtoto mchangamfu alisomewa sentensi saba. Mradi ulikuwa umetumia kabati, kufuli na orodha ili mpiga picha asijue nani ni nani. Naye akakisia kwa macho, kisha akatenda kwa kufuata alichokisia. Jambo hilo aliliita huruma. Huruma ilikuwemo, hakuna anayekataa. Ila huruma isiyotaka kusimamiwa huwa ni ubishi uliovaa nguo nzuri.

"Una dawa gani wewe?" Wifi alimuuliza mwaka ulipotimia, maana picha zilizoharibika zilikuwa mbili tu.

"Sauti yangu, wifi. Nyie mlidhani nimejaliwa uzuri tu?"

"Uzuri gani? Nimeishi na wadogo zangu wa kiume wote watatu, najua macho yao yalivyo mabovu."

Wakacheka. Jibu la Bi Tulia halikuwa uongo. Hiyo ndiyo hatari ya majibu ya namna ile.

Jumatatu moja, picha ya mwisho ikiwa imekamilika na kabati limefunguliwa mbele ya kamati, Wifi alitoka ofisini kwake akikimbia. Hakuwa mtu wa kukimbia. Hata mvua ilimkuta akitembea. Akamkumbatia Bi Tulia hadi beji ikamchoma.

"Tumeipata!"

Akatandaza karatasi juu ya meza. Ndani kabisa ya ubongo, karibu na katikati, kuna sehemu ndogo ambayo hushughulika mtu anapongojea kitu anachokitamani. Katika zile dakika nane, watoto ishirini na saba wa kundi la pili, kati ya thelathini na wawili, walikuwa waking'aa sehemu hiyo. Wa kundi la kwanza, karibu wote giza.

"Mtoto amelala, hana anachongojea," Wifi alisema, akipiga karatasi kwa kidole, "lakini ubongo wake unangoja! Unangoja nini? Sijui bado. Ila ni alama, wifi. Alama! Alhamisi wanakuja watu wa wizara ya elimu na wakuu wa shule. Wanataka kila mtoto anayeingia kidato cha kwanza apimwe, mwenye alama aandikwe kwenye orodha, afuatiliwe."

Bi Tulia alifurahi kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha akainama.

"Na hawa wanne wa kundi la kwanza, mbona wanawaka?"

"Kila utafiti una wakorofi wake."

Akasoma namba zao. Thelathini na saba alimkumbuka vizuri: kijana aliyeuomba radhi mlango. Nje alikuwa akingojewa na bibi yake, mwalimu mstaafu, aliyemlea kwa samahani na ahsante tangu hajaota meno. Kijana yule hakuwa na huzuni yoyote; alikuwa na bibi. Na Bi Tulia alikuwa amemsimulia punda. Wale watatu wengine pia, mmoja mmoja, akawakumbuka kwa mahali walipocheka.

Kidole chake kikashuka hadi kwa watano wa kundi la pili ambao hawakuwaka. Kikasimama kwenye arobaini na nne.

"Huyu yupo kundi la pili?"

"Yupo. Anakuja kwa mshauri kila Jumanne. Anaendelea vizuri. Kwa nini?"

Arobaini na nne alikuwa binti aliyeingia akiiita mashine friji la majitu, akauliza kama picha itaonyesha kwamba alistahili alama zaidi katika hisabati. Alimchekesha Bi Tulia hadi akafuta machozi. Akasomewa sentensi saba, akalala, akaondoka, wala Bi Tulia hakumfikiria tena. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu alikuwa ameubeba wake akipiga mluzi.

Hapo mpiga picha akajua kilichokuwa kikingojewa ndani ya vichwa vile. Kilikuwa punda. Watoto thelathini na mmoja walilala dakika nane wakitaka kujua meneja wa posta alisema nini. Na kwa sababu hiyo, Alhamisi, watoto wa shule wangeanza kuandikwa orodha kwa alama ambayo haikuwapo. Mwenye furaha ya kungojea jambo lake angeitwa mgonjwa. Na mwenye kuumia kama arobaini na nne angeambiwa ni mzima, aende zake, na mama yake angelala usingizi wa amani.

Alipofika nyumbani jioni, mumewe alikuwa barazani akifuta vumbi kibao chenye herufi L cha gari la mwanafunzi. Akamweleza yote.

"Punda?" mume akauliza.

"Punda."

"Sasa, mke wangu, huyo punda nani atamwita shahidi? Kipaza sauti hakirekodi. Watoto wameshasahau. Dada yangu miaka miwili hacheki, leo amenipigia simu anacheka, nikadhani wamekosea namba. Wewe unataka kumpelekea punda?"

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Watakaoandikwa. Wako mwenyewe anaingia kidato cha kwanza mwakani."

Mwalimu wa udereva akaendelea kufuta kibao ambacho kilishakuwa safi.

"Yule wa kwetu huwa anangojea kitu saa zote," akasema hatimaye. "Anangojea chakula, anangojea mpira, anangojea mimi nitoke. Watamwandika ukurasa wa kwanza." Akakiweka kibao chini. "Nenda kesho. Lakini usimwambie Dada kwamba mimi nilisema unyamaze."

Kesho yake alishindwa. Alifika hadi kwenye mlango wa ofisi mara tatu, na mara zote tatu akageuka na kwenda kupanga mashuka yaliyokuwa yamepangwa. Siku hiyo moja haina utetezi. Jumatano asubuhi aliingia bila kubisha hodi, kwa kuwa aliogopa kwamba akibisha atapata nafasi ya kukimbia.

Wifi alimsikiliza akiwa na kikombe mkononi. Hakukiweka chini, wala hakunywa.

"Mara ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Umejuaje ni thelathini na moja?"

"Ndio wanaowaka."

Wifi akageukia kompyuta. Mashine ile huandika saa ya kila picha, ilianza lini na iliisha lini, na hakuna mtu aliyewahi kuwa na sababu ya kusoma saa zile. Akazisoma. Kwa watoto wengi, kati ya picha ya umbo na dakika nane kulikuwa na pengo la sekunde arobaini, muda wa kusoma sentensi saba. Kwa wengine pengo lilikuwa dakika tatu, na mara nyingine nne. Akahesabu kwa kalamu. Akarudia kuhesabu. Thelathini na moja.

"Mdomo uliponza kichwa," akasema polepole. "Wewe umeponza vichwa thelathini na moja, na changu cha thelathini na mbili."

"Nilidhani nawasaidia, wifi. Walikuwa wanaogopa."

"Na mshauri nilimweka pale wa nini? Pambo? Mtoto akiogopa, aitwe mtu anayejua kwa nini anaogopa! Wewe uliunyamazisha woga wao kwa hadithi, picha ikatoka safi, tukapongezana. Huenda wapo waliokuwa wanataka kusema kitu siku ile. Umewahi kulifikiria hilo?"

Bi Tulia hakuwa amelifikiria. Akasema hivyo.

Wifi akavua saa. Akavua hereni, moja moja, akaziweka ndani ya kisahani cha kikombe. "Washa mashine."

"Nani anapigwa?"

"Mimi. Kwanza kwa karatasi. Halafu kwa punda."

Basi daktari akalala, shuka hadi kifuani, akaingizwa. Bi Tulia akamsomea sentensi saba bila kuongeza hata kikohozi, zikapita dakika nane za kwanza. Kisha akabonyeza kitufe na kusimulia, na sauti iliyowatuliza watoto wote wale ikawa inamtetemeka kama ya mtu anayesoma hukumu yake. Nguzo, tusi, posta, mlango, meneja akikunja shati. Akakata palepale. "Tulia, wifi. Usisogee." Pakawa kimya cha watu wawili kwa dakika nane, huku mafundi bati wakigombana.

Hesabu za kompyuta zilimalizika saa nane mchana. Picha ya kwanza ilikuwa giza. Ya pili, pale karibu na katikati, iliwaka.

Wifi aliitazama kwa muda mrefu. "Mtu mmoja si ushahidi," akasema. "Lakini mapengo thelathini na moja ni ushahidi." Kisha, bila kugeuza kichwa: "Alisema nini?"

"Nani?"

"Meneja, we mwanamke!"

"Alisema, 'Mheshimiwa, tafadhali, vifurushi ni dirisha la pili.' Punda akaingia, akapanga foleni."

Kicheko kilimtoka Wifi mara moja, kwa nguvu, bila ridhaa yake. Akajifuta uso kwa kiganja. Akavuta kibodi, akaandika barua ya kufuta mkutano wa Alhamisi, akaeleza sababu kwa mistari minne, na hakumtaja mtu ndani yake ila yeye mwenyewe kama msimamizi. Bi Tulia akaisoma, akaomba kalamu, akaongeza mstari wa tano kwa mkono wake, wenye jina lake na kanuni ya nne.

Hakuna mtoto aliyeandikwa orodha. Hilo ni la kushukuriwa, na lilitokana na mtu mmoja kusema ukweli alipoweza kunyamaza. Lakini ukweli unaosemwa kwa kuchelewa haurudishi kitu mahali pake. Kwa kuwa makundi mawili hayakutendewa sawa, hapakubaki cha kulinganisha. Picha zote za dakika nane zilifutwa. Wazazi waliandikiwa, mmoja mmoja. Mradi ulianza upya na mpiga picha mwingine, kijana mkimya anayesoma sentensi saba na kumwita mshauri kila mtoto anaposema anaogopa, naye huharibikiwa na picha moja kati ya nne. Bi Tulia alipewa onyo la maandishi, akarudishwa kwenye mifupa, ghorofa ya chini, pasipo na kiyoyozi. Wifi yake hakukanyaga nyumbani kwa mdogo wake kwa miezi kumi na minne, na alipokuja alikaa nusu saa.

Watoto kumi na tisa kati ya wale sitini na wanne walikuwa wamepita umri wa kurudia. Wote walikuwa wamekubali kulala mle ndani ili mtoto mwingine asaidiwe mapema. Walifanya sehemu yao bila kosa, wakatulia kama walivyoambiwa, na hakuna kilichopatikana kwa kutulia kwao.